Ng'ombe mmoja, madaftari mawili

Isongole, Rungwe
14 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Huku hatujambo, ila mvua haijatupa nafasi tangu uondoke. Nguo hazikauki, kuni zinatoa moshi tupu, na baba yako anakohoa usiku kucha lakini hataki kwenda kupima, anasema ni huo moshi. Viazi vya shamba la juu vimeingiwa na ukungu. Mengine yote salama.

Nimeona niandike kwa sababu juzi ulilia kwenye simu, na mimi mtu akinililia kwenye simu maneno yote hunitoroka. Ulisema wiki ya pili hii unazunguka Mufindi nyumba kwa nyumba na kishikwambi chako, unauliza ng'ombe wangapi, lita ngapi, alipandishwa lini, na watu wanakudanganya mchana kweupe. Kuna mzee kakwambia ana ng'ombe wawili, huku wewe unamsikia wa tatu akilia nyuma ya nyumba. Nilicheka, nisamehe. Huyo ng'ombe wa tatu namfahamu vizuri. Hata mimi nilikuwa naye.

Hili hujawahi kulisikia. Ulikuwa kidato cha tatu, uko bweni. Alianza kuja kijana mmoja kila mwezi, mpole, viatu vimejaa tope, ana futi ya kumzungushia ng'ombe kifuani na simu ya kuandikia. Siku ya kwanza alimng'oa Malkia, ng'ombe wetu, nywele chache za mkia akaziweka kwenye bahasha, akasema zinakwenda kupimwa vinasaba, kwa kuwa mimi mwenyewe sikuweza kumwambia baba yake Malkia ni dume gani. Kisha akauliza lita. Nikamwambia 6. Malkia siku hizo alikuwa anajaza 11, siku akishiba vizuri 12.

Utaniuliza kwa nini. Sababu nilikuwa nazo nyingi, na kila moja ilionekana nzuri. Niliogopa ushuru. Niliogopa wenzangu wa kikundi cha mikopo wajue ninachopata, maana nilikuwa nimeomba kusogezewa marejesho. Na lipo jicho la watu. Bibi yako hakuwahi kuhesabu ng'ombe kwa kidole, aliwataja kwa majina mmoja mmoja mpaka waishe, ukitaka idadi uhesabu mwenyewe kimoyomoyo. Lakini ukinibana niseme ukweli, sababu kubwa ilikuwa nyingine. Kabla ya kijana huyo walishapita watu wengine, kwa miaka tofauti, na makaratasi yao. Walikaa kwenye benchi letu, wakanywa chai yetu, wakaandika. Hakuna hata mmoja aliyerudi kutuambia alichokiona. Mtu akichukua kitu kwako mara tatu bila kurudi, mara ya nne unampa kilichooza.

Huyu alirudi. Mwezi uliofuata alikuja tena, akapima kifua cha Malkia, akasoma kwenye futi uzito wake, kisha akaniuliza dawa ya minyoo huwa nampa kiasi gani. Nilikuwa nakadiria kwa macho, miaka yote, na kumbe nilikuwa nampa pungufu. Hapo nilianza kumheshimu. Ila lita sikurekebisha, nikaendelea na 6 yangu, tena kwa sauti ya unyenyekevu. Basi siku moja ujumbe ukaingia kwenye simu: ng'ombe wako anatoa maziwa kidogo, mwongeze chakula cha ziada. Nikacheka peke yangu bandani. Nimedanganya, nao wamenijibu kwa uongo wangu mwenyewe.

Sasa sikiliza la pili, ambalo ndilo baya. Mwaka ule ule niliuza mtamba, jike ambaye hajazaa bado, yule binti wa Malkia mwenye baka jeupe usoni. Mnunuzi anataka kuona kumbukumbu za mama, na mimi nilikuwa na daftari. Nililiandika usiku mmoja, kwa kalamu mbili tofauti ili lionekane la siku nyingi. Humo Malkia anatoa lita 18. Kwa hiyo ng'ombe mmoja, bandani mwangu, alikuwa na lita 6 kwa anayekuja kuandika, 18 kwa anayekuja kununua, na 11 kwenye ndoo.

Aliyenunua unamjua. Ni jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, tena alichukua mkopo. Mtamba alipozaa alitoa 7. Yule baba wa watu hakunilaumu hata kidogo, alijilaumu mwenyewe. Akaongeza pumba. Akaongeza mashudu ya alizeti, bei unaijua. Akabomoa banda akajenga jingine lenye sakafu. Jioni moja akaja hapa, akakaa jikoni, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mama, wewe wa kwako unamlishaje? Mimi nakosea wapi?" Nikamwambia aongeze mashudu.

Sikulala vizuri usiku ule, na miaka yote hii sikumwambia mtu.

Kilichonifungua macho si mahubiri. Ilikuwa Nane Nane, pale viwanja vya John Mwakangale. Nilisimama kwenye banda la mifugo kwa sababu ya mvua ya ghafla, nikamkuta mtaalamu anawaeleza watu namna dume linavyochaguliwa. Akasema dume halikamuliwi. Utalipima kwa mabinti zake. Lakini binti mmoja akitoa maziwa mengi, utajuaje kama ni damu ya baba yake au ni hori la mwenye ng'ombe? Huyu yuko Rungwe anakula matete na migomba kwenye ubaridi, dada yake yuko Tanga kwenye joto, mwingine yuko Njombe kwa mtu anayelisha kama mfalme. Mbegu ya dume moja inatoka Usa River kule Arusha ndani ya mtungi wa baridi kali, inatawanyika nchi nzima. Ili kutenganisha kilichotoka kwa baba na kilichotoka kwenye hori, zinatakiwa kumbukumbu za mabinti wengi, kwa wafugaji wengi, sehemu nyingi, zikae pamoja mahali pamoja. Ng'ombe wangu mmoja au wawili peke yao hawasemi kitu. Wa Iringa peke yao hawatoshi. Wakiunganishwa ndipo dume linajulikana.

Nikasimama pale na mwavuli wangu, nikaiona ile 6 yangu. Iliandikwa. Ilikwenda kukaa na za wenzangu, ikamshusha baba yake Malkia, dume zuri la watu. Na tukiwa wengi wenye 6 za namna hiyo, dume zuri linaachwa na bovu linapandishwa daraja, kisha sisi wenyewe tunalipa hela kuletewa mbegu yake. Nilikuwa najiibia, tena kwa mzunguko mrefu.

Basi usimkasirikie mzee wako wa ng'ombe watatu. Ila usimwache hivyo.

Mkumbuke mama yake Malkia alivyofika hapa. Hatukuwa na hela ya ng'ombe. Tulipewa kwa mpango wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe: unapokea mtamba mwenye mimba, ndama jike wa kwanza si wako, unamlea na kumpeleka kwa familia inayofuata. Hakuna aliyehitaji kuhubiriwa kuhusu ushirikiano, kwa sababu kila mtu aliona kwa macho ndama akivuka barabara kwenda kwa mwingine. Namba nazo ndivyo ninavyoziona sasa. Ukinichukulia namba, umenikopa mtamba. Nataka kumwona ndama. Asiwe mkubwa, hata dozi ya minyoo inatosha, hata kuniambia tu kwamba wenzangu wa kijiji kile wakipandisha mara moja wanapata mimba na mimi narudia mara tatu, kwa hiyo labda nachelewa kuona joto, yaani dalili kwamba ng'ombe anataka dume. Mzee akipata kimoja cha namna hiyo mkononi, ng'ombe wa tatu atatoka nyuma ya nyumba mwenyewe.

Na nenda saa ya kukamua, mwanangu, hata kama ni saa kumi na moja alfajiri na Mafinga ina baridi ya kukata masikio. Ukienda saa nne ukauliza "lita ngapi," unaulizia kumbukumbu, na kumbukumbu hujipamba. Ukiwa umesimama pembeni ya ndoo hakuna cha kupamba. Halafu ujue lita zenyewe ziko za aina nyingi. Zipo zinazopelekwa kituo cha maziwa, zipo za jioni ambazo kituo hakizichukui zinauzwa kwa majirani, zipo za watoto nyumbani, na ipo chuchu moja anayoachiwa ndama. Mtu akikwambia 6 inawezekana hadanganyi, amekutajia za kituoni tu. Kipimo nacho uliza. Wengine wanapima kwa kopo, wengine kwa sadolini, na povu wanalihesabu.

Kuna kitu kingine kinaniudhi, nacho si kosa la mfugaji. Malkia ameandikwa sehemu tatu. Mhimilishaji, yule anayepandisha ng'ombe kwa mbegu ya mtungi, anaye kwenye kitabu chake kwa jina la baba yako. Kituo cha maziwa wana namba yangu ya uanachama, ng'ombe hawamjui kabisa. Duka la dawa wana daftari la madeni, humo ndimo yalimo magonjwa yake yote. Vitabu vitatu, havijawahi kukaa meza moja. Ndiyo maana mtu anachoma ng'ombe dawa ya kiwele leo, kesho anapeleka maziwa, na kituo hakina namna ya kujua kwamba maziwa hayo yalitakiwa kumwagwa kwa siku kadhaa mpaka dawa iishe mwilini. Sheria ya kutambua na kusajili mifugo ipo tangu 2010, na hereni za kielektroniki tumeziona, ila hereni ni jina tu. Jina bila watu kuambiana linasaidia nini?

Huko kuficha kumetugharimu kwenye magonjwa zaidi. Ng'ombe akianza kudondosha mate na kuchechemea, mwenyewe anamfungia ndani, anaomba Mungu iwe ni jino, kwa sababu akisema ni miguu na midomo mnada unafungwa na watu wote watamnunia. Wiki mbili baadaye ni kijiji kizima. Babu yako alikuwa anasimulia sotoka, ule ugonjwa uliomaliza ng'ombe, kama watu wanavyosimulia vita. Leo wewe umesoma mifugo na hutaiona, ilitangazwa kwisha duniani mwaka 2011. Chanjo ilifanya kazi kubwa, ndiyo, lakini chanjo haijui pa kwenda. Mwishoni ilibidi wafugaji wenyewe waulizwe ugonjwa umejificha wapi, wakasema, wakasikilizwa.

Ukipangiwa kushuka Usangu, nenda taratibu zaidi. Kule wapo watu walioondolewa kwenye ardhi oevu ya Ihefu na mifugo yao mwaka 2006, na hawajasahau. Kwa mtu wa namna hiyo, anayekuja kuhesabu ng'ombe ndiye anayekuja kuwafukuza. Nao mto Ruaha Mkuu ni kweli unakauka kiangazi, tangu miaka ya tisini, na wakulima wa mpunga wanawanyooshea wafugaji kidole, wafugaji wanainyooshea mifereji. Mjomba wako wa Mbarali ana maoni yake, usimwanzishe. Mimi naona pande zote zingebishana vizuri zaidi kama zingekuwa zinatazama hesabu moja ya maji, malisho na ng'ombe, badala ya kila mmoja na yake mfukoni. Lakini kabla hujauliza swali la kwanza, waambie namba zao zinakwenda kwa nani na nani hatapewa. Redioni wanasema ipo sheria ya kulinda taarifa binafsi, ya 2022. Isome, wasije wakakuuliza ukabaki kumeza mate.

Kazi yako naipenda, nakwambia. Hapa kwetu majani hayaongezeki, mashamba yanagawanywa kila mtoto anapooa. Wako watu wana ng'ombe watano wanaokula mchana kutwa na kucheua hewa ile mnayosema inapasha dunia joto, na wote watano jioni hawajazi ndoo moja. Wawili wazuri wangetosha. Lakini utamwambiaje auze watatu kama hakuna kilichoandikwa kinachoonyesha ni watatu wapi?

Malkia alipandishwa tarehe 27 Julai, mara moja tu, akashika. Nimehesabu siku 283 za mimba kwenye kalenda ya kanisa, inaangukia 6 Mei. Wiki iliyopita nimemkausha, yaani nimeacha kumkamua, apumzike. Safari hii daftari ni moja, na lita zilizoandikwa ni zile zile za kwenye ndoo. Mwezi wa mwisho zilikuwa zimeshuka hadi 5 na nimeandika 5. Akizaa jike, nitamnyonyesha mpaka aachishwe, kisha namvusha kijito. Baba yako nimeshamwambia, amekaa kimya siku mbili, halafu jana nimemkuta anarekebisha lile daraja la magogo. Kuongea na jirani nitaongea mwenyewe, kabla ya Pasaka, nikipata ujasiri.

Ukija niletee futi ya kupimia kifua, yangu imekatwa na panya. Na mpigie baba yako kuhusu hicho kikohozi. Wewe anakusikiliza.

Mama yako