Barua kwa mwanangu uliyeko Lyon

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Voisi yako nimeisikiliza mara tatu. Usimkasirikie yule mama wa duka la mikate, ulimwambia unataka mkate plus bon, yani mzuri zaidi, na Kifaransa hakina plus bon, bon ikipanda inakuwa meilleur, na ukitaka ule mzuri kuliko yote hapo dukani lazima uweke le, le meilleur pain. Hiyo le ndo inatusumbua sie kwasababu kwetu tukishasema kuliko yote basi imeisha. Kwao plus cher ni ghali zaidi, le plus cher ndo ghali kuliko vyote, tofauti yote imekaa kwenye hako ka le. Na sifa ikija nyuma ya jina, le inarudiwa, le quartier le plus cher, mtaa ghali kuliko yote. Siku kukiwa kweupe panda kilima cha Fourvière utauona Mont Blanc kwa mbali, la plus haute montagne de France, mlima mrefu kuliko yote Ufaransa, umeona hapo ni de (ya) sio dans (ndani ya), mimi hiyo dans ilinichukua miaka miwili kuiacha.

Ila kwenye hayo ya le watu watakuelewa tu. Ninachotaka ukishike kweli ni vile vineno vya mara ngapi, toujours (kila mara), souvent (mara nyingi), parfois (mara nyingine), rarement (mara chache), jamais (kamwe). Sisi mtu akisema mimi hunywa chai asubuhi, ile hu- imebeba kila kitu. Kifaransa hakina hu-, ukisema je bois du thé, nakunywa chai, mtu hajui kama unakunywa sasa hivi au ndo kawaida yako, kwahiyo weka kineno na ukiweke baada ya kitenzi, je bois souvent du thé. Kwa yaliyopita kinaingia katikati, j'ai souvent mangé là-bas (nimekula pale mara nyingi), je n'ai jamais vu (sijawahi kuona). Mtaani utasikia j'ai jamais vu, ile ne ya kukanusha wameimeza, na wewe ongea hivyo na wenzio ila ukiandika irudishe.

Sijawahi kukuhadithia hili. Mwaka wangu wa kwanza huko nilikuwa jikoni kwenye mgahawa mmoja, mshahara ukachelewa wiki tatu nzima na kodi ya chumba inanisubiri, nikamfata bosi nikamwambia je ne suis pas toujours payée. Nilitaka kusema bado sijalipwa. Nilichosema ni kwamba silipwi kila mara, yani kuna miezi ananidhulumu, tena mbele ya wapishi wote, na miezi ya nyuma alikuwa amelipa vizuri tu. Akakasirika sana na mimi sijui kwanini, nimesimama pale machozi yananilengalenga. Mama mmoja wa Kialgeria tuliyekuwa tunaosha nae vyombo ndo alinielewa akanisemea, toujours pas, elle n'est toujours pas payée. Toujours ikitangulia ni bado, pas ikitangulia ni si kila mara. Mshahara nikaupata kesho yake.

Hospitali na famasia ndo uwe makini zaidi. Deux fois par jour ni mara 2 kwa siku, tous les deux jours ni siku moja unameza siku moja unaruka. Toutes les six heures ni kila baada ya masaa 6. Na tous les quinze jours, quinze ni 15, ni kila wiki 2 japo wewe ukihesabu ni siku 14. Ukiwa na wasiwasi muombe mfamasia akuandikie kwenye boksi la dawa, usione aibu.

Eti wenzio walisema pilau yako pas mauvais, yani si mbaya, ukanuna? Walikusifia mwanangu! Wangesema pas terrible hapo ndo haikuwapendeza.

Jumapili nenda soko la Croix-Rousse asubuhi, muulize muuza jibini quel est le plus doux, ipi isiyo kali kuliko zote, urekodi unitumie nisikie. Baba anakusalimia, na ile jaketi nzito uivae.

Mama yako