Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka Tulioacha Slaidi

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wahudumu wa meno,

Mwaka jana mlinichagua mkanikabidhi kazi ambayo kwenye muhtasari iliandikwa "kufufua vikao vya mafunzo". Vilivyokufa wote tunajua vilikufaje. Mtu anatoka Nachingwea au Tandahimba, analipia gesti, halafu anakaa saa tatu akisomewa slaidi neno kwa neno na msemaji aliyewapa watu mgongo. Mwaka huu hatukuonyesha hata slaidi moja. Taarifa hii karibu yote inahusu tulichoweka mahali pake, maana mengine ni mafupi: hesabu atazisoma mweka hazina, uchunguzi wa meno mashuleni ulifanyika kama kawaida, na wenye madeni ya ada wanajijua.

Tulichojaribu ni kujifunza kwa kutatua matatizo. Njia hii haikuanzia kwenye meno. Ilianza mwaka 1969 katika shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha McMaster, mjini Hamilton, Kanada. Vyuo vya meno vilichelewa kidogo. Malmö, Sweden, waliupanga upya mtaala wao wote kwa njia hiyo mwaka 1990, na Hong Kong wakafuata mwaka 1998. Sisi wa zamani tulimaliza kwanza anatomia, fiziolojia na bayokemia, mgonjwa tukaja kumkuta mbele ya safari, wakati ule mshipa wa fahamu wa taya la chini unapita wapi tumeshasahau. Wenzetu hao wanaanza na mgonjwa. Kundi la wanafunzi wanane au kumi linapewa kisa kabla ya mhadhara. Wanataja wanachojua, wanakisia sababu, wanaandika wasichojua, kila mmoja anakwenda kusoma, kisha wanarudi kuelezana. Mwalimu yupo, ila kazi yake ni kuuliza.

Kisa cha kwanza nilikiandika mwenyewe kutokana na mgonjwa niliyemhudumia. Umri na kijiji nimebadilisha. Karatasi ya kwanza ilikuwa na mistari minne tu: mama wa miaka 46, mkulima wa Newala, shavu la kushoto limevimba kwa siku tano, mdomo wa chini una vidonda na malengelenge, hawezi kutafuna. Nikanyamaza. Kundi moja lilikimbilia virusi, jingine likataja mzio wa dawa, mmoja akafika hadi saratani. Ubao ukajaa. Ndipo tabibu wa meno mmoja kijana, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema neno, akauliza: "Kabla ya kuja hospitali, alijitibu kwa nini?"

Jibu lilikuwa kwenye karatasi ya pili. Gego lilitoboka tangu mwezi wa sita, mama akasema atakwenda hospitali korosho zikiuzwa, maumivu yalipomzidi akadondoshea ndani ya tundu mafuta ya ganda la korosho. Ukumbi uliguna. Nani kati yetu aliyekulia huku hajaona vidole vya wabanguaji vilivyobabuka? Asidi ile tunaijua. Hakuna aliyekuwa ameifikiria kinywani.

Maswali waliyoondoka nayo yalikuwa bora kuliko mada yoyote ambayo ningeweza kuiandaa. Utando wa kinywa ulioungua kwa kemikali unatunzwaje? Kwa nini jino huuma, likanyamaza, kisha likarudi na usaha? Usaha wa gego la chini unashukaje chini ya ulimi hadi shingoni na kuziba njia ya hewa? Na mtu anavumiliaje jino miezi minne? Hilo la mwisho halimo kwenye kitabu. Mwanachama mmoja alikwenda hadi kwa katibu wa chama cha msingi cha wakulima kuuliza malipo ya mkulima hutoka lini baada ya mnada wa korosho, akatuletea majibu. Sijawahi kuona mtu akifanya utafiti wa namna hiyo kwa sababu ya slaidi.

Sasa nikiri kosa. Kikao cha pili, tulichofanyia Lindi, nilikiharibu mimi. Kisa kilikuwa cha mzee mwenye meno ya mbele yaliyochongwa ujanani kwa mila ya Kimakonde, mawili yakiwa yamekufa ndani na kutoa usaha. Nilikuwa mwezeshaji, nikaona kundi linapotea, nikashindwa kujizuia, nikafundisha dakika arobaini. Vijana wakafunga madaftari wakawa wananiitikia. Kumwezesha mtu kumbe ni kazi ngumu kuliko kumfundisha, na sisi tuliozoea kuitwa "dokta" na kila mtu ndio wagumu zaidi. Kikao cha tatu niliomba mwenzangu aendeshe, mimi nikawa mwandishi wa ubaoni.

Lipo pia ambalo njia hii hailiwezi. Udaktari wa meno ni mikono. Huwezi kujadiliana hadi ukajua kuchoma ganzi ya taya la chini au kung'oa mzizi uliovunjika; hilo ni zoezi, tena la kurudiarudia. Anayedhani tumeacha mazoezi ya vitendo hakutuelewa.

Wapo waliouliza kama hatuigi tu mambo ya Ulaya. Jibu langu ni Muhimbili. Katikati ya miaka ya 1980, shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyokuwa hapo Muhimbili, ilikabiliwa na swali la kutibu jino kijijini pasipo umeme wala mashine. Kutokana na swali hilo ikazaliwa njia ya kukwangua sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono na kuziba tundu kwa saruji inayonata kwenye jino, njia ambayo leo inatumika duniani kote. Shirika la Afya Duniani liliitangaza mwaka 1994. Tatizo letu lilitoa somo likaenda kwao.

Kwa hiyo kamati inaomba kibali chenu kwa jambo moja. Wanafunzi wa meno wanaoletwa huku kwa mafunzo ya vitendo wapokelewe kwa visa, na visa viwe vya kwetu: mama wa korosho, mzee wa meno ya kuchongwa, mtoto aliyekwanguliwa fizi kwa kudhaniwa ana "meno ya plastiki", yale yanayosingiziwa kuleta homa na kuharisha. Tukipata mkusanyiko wa kutosha tutavipeleka vyuoni vitumike. Kila kituo kiandike kisa kimoja, ukurasa usizidi mmoja, jina la mgonjwa lisionekane, na majibu yawe kwenye karatasi ya pili. Vimfikie katibu kabla minada ya korosho haijafunguliwa. Ikishafunguliwa, foleni ya wagonjwa mnaijua.