Shukrani kwa dada wa glasi ya miwa, Forodhani

Assalaam aleikum. Namtafuta dada aliyekuwa Forodhani, Unguja, Ijumaa iliyopita baada ya magharibi, kwenye meza ya urojo inayotazamana na Beit el Ajaib. Jina lako sikuuliza, na hilo linaniuma.

Mama yangu anachoma insulini, dawa ya kisukari inayoshusha sukari mwilini. Jioni ile alichoma mapema, akijua tutakula mara moja, lakini foleni ilikuwa ndefu. Mimi nilikuwa nahangaikia bakuli letu: viazi, bajia, kachori, mishikaki, embe mbichi ndani ya ule mchuzi mzito, na chipsi za muhogo juu. Sikumwona mama akianza kutetemeka na kutokwa jasho, sukari yake ikiwa imeshuka mno. Wewe ulimwona. Hukungoja kuulizwa, ulikwenda kwa muuza miwa, ukaja na glasi ya juisi yenye tangawizi na ndimu, ukamnywesha taratibu huku umemshika bega, ukimwita "bibi yangu". Kisha ukakaa naye robo saa nzima mpaka macho yakarudi, ndipo ukaniambia nimpe urojo wake, kwa sababu sukari ya miwa haikai mwilini muda mrefu.

Nilipogeuka kulipa, muuza miwa akasema umeshalipa. Ulikuwa umeondoka.

Mama hajambo. Kila siku anakutaja katika dua baada ya swala. Ahsante sana, dada yangu. Mungu akulinde wewe na wazazi wako.