Barua kwa Mwanangu Aliyeko Michigan: Gavana wa Tai ya Kijani

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani Nairobi. Uliniuliza ni kwa nini marehemu babu yako alipenda kumtaja gavana wa jimbo unakosoma, ilhali babu mwenyewe hakuwahi kufika huko. Nakujibu kwa kirefu kidogo, maana naona somo lako la siasa za majimbo litamgusa mtu huyo.

Gavana huyo, Gerhard Mennen Williams, alizaliwa Detroit mwaka 1911. Babu yake mzaa mama ndiye aliyeanzisha kampuni ya Mennen, ya sabuni na bidhaa za kunyolea, na kwa ajili ya bidhaa za ukoo huo watu walimpachika jina la Soapy, yaani “wa sabuni”, likamganda hadi kufa. Alisoma sheria, akatumikia jeshi la majini wakati wa Vita Kuu ya Pili, kisha mwaka 1948 akamwangusha gavana aliyekuwa madarakani, Kim Sigler wa chama cha Republican. Wakati huo gavana wa Michigan alichaguliwa kila baada ya miaka miwili, na Williams alishinda mara sita mfululizo, akizunguka jimbo zima na tai yake ya kipepeo, ya kijani yenye madoa meupe. Tai hiyo ilimsaidia kukumbukwa, lakini kilichomweka madarakani ni muungano wake na vyama vya wafanyakazi wa viwanda vya magari pamoja na wapigakura weusi wa Detroit. Mwaka 1955 alitia saini sheria ya kuzuia ubaguzi katika ajira. Daraja la Mackinac, linalounganisha rasi mbili za jimbo hilo, lilifunguliwa mwaka 1957 akiwa gavana.

Lililo gumu zaidi katika habari zake ni la mwaka 1959, na ndilo ningependa ulichunguze. Hazina ya jimbo ilikauka. Williams alitaka kodi ya mapato, ilhali Warepublican waliolishika Baraza la Seneti la jimbo walitaka kuongeza kodi ya mauzo, ambayo humlemea zaidi mtu wa kipato kidogo. Hakuna aliyelegeza kamba, na mwezi wa Mei watumishi wa jimbo wakakosa mishahara siku ya malipo. Wewe uliyekua ukisikia magavana wa kaunti zetu wakivutana na mabunge ya kaunti kuhusu bajeti hutashangaa. Kwa maoni yangu alikuwa na haki kuhusu kodi, ila aliwadharau mno wapinzani wake, na matumaini yake ya kugombea urais yaliharibika hapo.

Rais John Kennedy, ambaye Williams alimuunga mkono katika uchaguzi wa mwaka 1960, alimkabidhi dawati la Afrika katika Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Mwezi wa Februari 1961 akafika hapa Nairobi, akasema kwamba Afrika ni ya Waafrika, na ndiyo maana babu yako alipenda kumtaja. Walowezi walighadhibika, magazeti ya Uingereza yakamshambulia, naye akaeleza kwamba alimaanisha watu wa rangi zote wanaojihesabu kuwa Waafrika. Kennedy alipoulizwa na waandishi wa habari alijibu kwamba hajui Afrika ingekuwa ya nani mwingine. Miezi michache baadaye, Mzungu mmoja alimpiga ngumi katika uwanja wa ndege wa Lusaka. Wako waliosema kwamba ulimi wake uliteleza Nairobi. Mimi sikubali: mtu aliyekuwa amepigania haki za weusi wa Detroit kwa miaka 12 alikuwa anasema jambo alilolizoea.

Alishindwa kiti cha Seneti ya Marekani mwaka 1966, akawa balozi Ufilipino kwa muda mfupi, kisha akachaguliwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Michigan, ambako alipanda hadi kuwa Jaji Mkuu. Alifariki mwaka 1988.

Hati zake zimehifadhiwa katika Maktaba ya Bentley, Ann Arbor. Ukipata nafasi nenda usome za mwaka 1959, kisha uniandikie kama unaona palikuwa na njia ya kupatana na Seneti ile. Mama yako anakusalimu sana.

Ni mimi,
Baba yako