Anayemaliza matibabu ya saratani apewe karatasi

Mhariri,

Gazeti lako limeandika mengi kuhusu kupima saratani mapema, na umefanya jambo jema. Naomba nafasi niizungumzie siku ya kumaliza matibabu.

Nilitibiwa saratani ya matiti: upasuaji, dripu za kemikali, kisha mionzi. Siku ya mwisho wauguzi walinipongeza, wakanipa tarehe ya kurudi kliniki, basi. Kila aliyekuja kunitazama alisema, "Hongera, umepona." Nami nilikuwa bado siwezi kufunga vifungo vya blauzi. Ncha za vidole zimekufa ganzi kwa dawa. Nikishika kifungo sijui kama nimekishika mpaka nikitazame.

Miezi ilipopita, mkono wa upande niliopasuliwa ukawa mzito, blauzi ikabana upande mmoja tu. Nikadhani nimeulalia vibaya. Nilikaa nao hivyo wiki nyingi, hadi siku ya kliniki ndipo nikaelezwa: tezi za limfu za kwapani zikiondolewa, majimaji yaliyopitia huko hukosa njia, yakajaa mkononi. Ukiwahiwa, uvimbe huo hudhibitiwa kwa soksi ya kubana ya mkono, ukandaji wa kitaalamu na mazoezi. Ukiachwa, mkono huwa mgumu na kazi huwa kubwa zaidi. Nani alishindwa kuniambia maneno hayo siku naondoka?

Na uchovu, Mhariri! Unalala usiku kucha, unaamka umechoka. Nyumbani walinihurumia, hata sufuria nisiinue, na huruma ile ikazidi kunidhoofisha. Uchovu wa namna hii hupungua kwa kutembea kuliko kwa kukaa. Nilianza kwa kwenda mlango wa jirani na kurudi. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa watu 889 waliokwisha kutibiwa saratani ya utumbo mpana. Kundi moja lilisimamiwa kufanya mazoezi kwa miaka 3. Jingine lilipewa maelezo ya afya tu. Baada ya miaka 8, waliokuwa hai kundi la kwanza ni asilimia 90, la pili asilimia 83. Tofauti hiyo ingeletwa na kidonge, kila mgonjwa angeandikiwa.

Ombi langu ni hili. Kila anayemaliza matibabu apewe karatasi yenye majina ya dawa alizotumia na jumla ya dozi, sehemu aliyopigwa mionzi, vipimo vya kufuatilia na lini, dalili za kuwahi nazo hospitali, na namba ya mtu wa kumuuliza. Jumla ya dozi isiachwe kuandikwa. Dawa kama doksorubisini inaweza kuudhuru moyo, pengine miaka mingi baadaye, na hatari hupanda kadiri jumla ya dozi inavyopanda. Daktari atakayempokea mtu huyo akihema baada ya miaka 10 atajuaje? Taasisi ya Tiba ya Marekani ilipendekeza mpango wa maandishi wa namna hii tangu mwaka 2005, kwa hiyo siombi jambo geni.

Karatasi hiyo ingetupunguzia hofu pia. Aliyewahi kuugua saratani, mgongo ukimuuma kidogo tu, usingizi unaruka: imerudi? Akijua maumivu gani ya kusubiri na yapi ya kukimbilia hospitali, atalala.

Yangu nilijitengenezea. Niliomba faili, muuguzi mwema akanisomea majina ya dawa herufi kwa herufi, nikayaandika daftarini kwa vidole vyenye ganzi. Mwandiko umepindapinda. Juzi daktari mgeni aliponiuliza nilitibiwa kwa dawa gani, nilimpa daftari lile, akasoma hadi mwisho, kisha akaagiza nipimwe moyo.

Manusura wa saratani ya matiti