Bodi za saccos ziulize tarehe ya masasisho

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenyeviti na mameneja wa saccos. Ninasimamia seva, yaani kompyuta kuu inayotunza hesabu, katika saccos moja mkoani Kilimanjaro, na jibu ninalopewa kila nikiomba kuizima kwa muda ni "subiri tufunge mwezi." Mwezi ukifungwa, walimu wamekuja kwa mikopo ya ada. Mikopo ikiisha, wakaguzi wameingia. Kiraka cha usalama, yaani sasisho la kuziba udhaifu wa programu, kimeshapakuliwa, hakijawekwa.

Anayedhani hilo ni suala la watu wa kompyuta peke yao aangalie yaliyoikuta Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza kumbukumbu za mikopo ya watu. Machi 7, 2017 lilitangazwa tundu katika programu ya Apache Struts, na kiraka chake kikatolewa. Siku mbili baadaye barua pepe ilizunguka ndani ya kampuni ikiwataka wahusika wakiweke ndani ya saa 48. Mfumo ambao wateja walipeleka pingamizi zao ukaachwa hivyohivyo, na uchunguzi wa mitambo uliofuata haukuubaini. Mei wezi wakapita hapohapo, wakachota taarifa za watu wapatao milioni 147 hadi walipogunduliwa mwishoni mwa Julai.

Mkurugenzi wake, akiwa tayari ameachia ngazi, aliwaeleza wabunge wa Marekani kwamba mfanyakazi mmoja hakufikisha ujumbe. Sikubaliani naye hata kidogo. Kama hakuna aliyepangiwa kurudi kuhakikisha kiraka kimewekwa, kosa ni la uongozi.

Kwetu kazi yenyewe ni ya usiku mmoja. Tunachukua bakapu, yaani nakala ya taarifa zote, tunakijaribu kiraka kwenye kompyuta ya akiba, tunakiweka kwenye seva na kuiwasha upya, kisha keshia anaingiza muamala wa majaribio tuone kama risiti inatoka na salio linalingana. Keshia huyo anahitaji posho na usafiri wa kumrudisha nyumbani usiku. Mara nyingi tunakwama hapo, kwenye posho, wakati fedha za wanachama zimekaa nyuma ya mlango unaojulikana kuwa mbovu.

Ninachoomba ni hiki: katika kila kikao cha bodi, baada ya taarifa ya mikopo chechefu, meneja asome orodha ya programu tunazotumia na tarehe ambayo kila moja ilisasishwa mara ya mwisho. Palipo na kiraka cha hatari kilichocheleweshwa, ataje nani aliyeamua kisubiri na mpaka lini, na jina hilo liingie kwenye muhtasari.

Msimamizi wa mifumo,
Moshi