Kwako kaka, uliyeniambia nicheke

Kaka,

Salamu utazipata baadaye, maana hata wewe hukunisalimu. Miaka yote hiyo kimya, juzi simu inalia, nafungua nakuta picha ya ziwa na maneno mawili: "Limejaa tena." Ukaongeza eti reli imefika siku hizi, kutoka Chengdu ni chini ya saa mbili, ukishuka unapanda basi. Kana kwamba kilichonizuia kurudi Jiuzhaigou, lile bonde la maziwa huko China, ni uchovu wa safari.

Nakujibu hapa kwa sababu kule nikiandika nafuta.

Lile basi letu la Oktoba 2016 nalikumbuka kuliko hata chuo. Lilitoka asubuhi na kufika giza limeingia. Wenchuan tuliipita tumelala, ukaniamsha kwa kiwiko unionyeshe mlima uliokatika kwa tetemeko la mwaka 2008, bado una kovu kama mtu aliyeungua. Baridi ya Songpan ikanipata na kikoti changu cha Kariakoo, ukavua jaketi lako ukanivisha, wewe ukabaki na sweta hadi tunafika. Hilo sijalisahau. Sitaki useme nimesahau mema yako.

Kesho yake ndiyo siku yenyewe.

Ulikuwa mchangamfu mno. Ningeshtuka hapo. Wewe ambaye asubuhi husemi na mtu mpaka unywe chai, siku ile ulianza kuongea kwenye foleni ya mabasi ya bondeni. Kule juu kwenye ziwa Changhai, zaidi ya mita 3,000, mimi pumzi zinanikatika, wewe unaongea. Ukaniambia watu wa kule maziwa yao huyaita haizi, mtoto wa bahari, kwa kuwa bahari yenyewe iko mbali nao. Ukacheka mpaka wazee wa Kichina wakageuka: "Sisi watoto wa Raskazone tumelipa nauli kuja kuonyeshwa mtoto wa bahari!" Nami nikacheka.

Pale Wuhua Hai ukanishika nusu saa nzima. Magogo yamelala chini ya maji, unayaona kama yamewekwa mezani, na maji yenyewe rangi ya kanga mpya. Nikauliza kwa nini. Ukaeleza: maji hubeba chokaa kutoka kwenye miamba, yakifika mahali huiacha kidogo kidogo, ikajenga ukingo, ukingo ukazuia maji, ndiyo ziwa hilo. Chokaa ikayavika na magogo, ndiyo maana yanakawia kuoza. "Ni chokaa tu, kama ya mapango ya Amboni," ukasema. Nikasema bibi angeuliza kama yananyweka. Ukanyamaza kidogo, ukatazama simu, ukasema twende, bado ziwa la Huohua.

Leo najua ulikuwa unatazama saa.

Saa tisa alasiri ya kule ni saa nne asubuhi ya Tanga. Saa nne ndiyo waliyompeleka bibi makaburini. Mimi wakati huo nimesimama kwenye daraja la mbao la Huohua Hai, mikono nimeitanua, miti nyuma yangu imegeuka njano na nyekundu, na wewe umeshika simu unaniambia, "Cheka. Cheka vizuri, mdogo wangu, unanuna nini." Picha ilitoka nzuri. Sina picha nyingine nzuri kama ile, na siwezi kuitazama.

Usiku VPN ilipokamata nikaiweka Facebook. Mambo ya Facebook ya kule unayajua, imefungwa, ikishika dakika mbili unashukuru. Hata ujumbe wa watu haukufunguka. Nikaandika: "Peponi kabla ya pepo." Niliandika hivyo, kaka, na bibi hajalala kaburini hata usiku mmoja. Tanga nzima ikaona. Na wewe ulikuwa kitanda cha pili, unajua naandika nini, ukageukia ukutani.

Wakati wa kurudi basi likasimama Diexi. Wale akina mama na yaki wao mweupe, yule ng'ombe wa manyoya marefu, wa kupigia picha. Ukashuka, ukanunua tofaa, ukalimenya kwa kile kisu chako. Kiongozi alikuwa anasema ziwa lile limetokana na tetemeko la mwaka 1933, na mji uko chini yake. Hapo ndipo mtandao ukashika, na ujumbe wa shangazi ukaingia: "Hongera mwanangu. Wenzio tumekaa matanga."

Nikakuonyesha. Sikuuliza kitu, nilikuonyesha simu tu. Ukasoma, ukaninyooshea tofaa.

"Maliza kula kwanza."

Hilo ndilo. Kukaa na msiba siku moja na nusu naweza kukuelewa. Msafiri haambiwi msiba njiani, desturi hiyo tumelelewa nayo wote. Nisingewahi maziko, hilo nalo kweli. Nauli sikuwa nayo, kweli tena. Lakini ningekaa chini. Ningejifunga kanga kichwani nikakaa kitandani kwenye kile chumba chenye baridi, nikasoma ninachokijua. Mtu hunyimwi hata kukaa chini.

Una watoto sasa. Nakuomba, habari ikija usiwachagulie wao wakati wa kulia. Mtu mzima anaambiwa. Mimi ningekuwa wewe ningekwambia palepale alfajiri, hata kama tiketi tumeshakata.

Na najua utakachojibu, maana mama ameshaniambia huwa unakisema. Ndiyo, Jumanne mama alinipigia kwamba bibi hali, anakunywa uji vijiko viwili. Ndiyo, nilisema nitapiga Jumapili nikirudi. Sasa mara ngapi tuliambiwa bibi hali, tukakimbia mpaka Ngamiani tukamkuta anakuna nazi? Ningejuaje kwamba safari hii ni kweli? Niliuliza daktari amesemaje. Niliuliza, kaka. Mama akasema nendeni tu, msiache safari yenu. Alisema hivyo kwa kinywa chake.

Agosti 2017 bonde likatikisika. Ukingo wa Huohua ukapasuka, maji yakaondoka, likabaki tope na magogo. Niliona picha nikiwa bwenini na, Mungu anisamehe, nilifurahi. Watu 25 walikufa usiku ule, na mimi nafurahia kidimbwi. Sijawahi kumwambia mtu hilo, sijui kwa nini naliandika hapa.

Wakaja wakaziba, maji yakarudi, na wewe ukanitumia picha. Limejaa kweli. Rangi ni ileile. Daraja sijaliona vizuri, sijui wamelijenga upya.

Mke wako msalimie, na watoto. Mama hajambo, magoti tu. Mnazi wa uani kwa bibi waliukata, ulikuwa unaegemea kwa jirani.

Sitakuja na treni yako. Lakini ule ujumbe wa msiba aliokutumia mjomba kwa WeChat, ule wa alfajiri, kama hukuufuta, nitumie. Nataka kuona alivyouandika, na saa yake. Usiongeze neno.